Nilivyoacha kuwaambia wanafunzi wa piano "pigeni chochote" (uzi mrefu, wapiga vinanda karibuni)

mwalimu_wa_jumamosi:

Wakuu habari za wikiendi. Uzi huu ni wa wapiga vinanda, walimu wa muziki na wazazi wenye watoto wanaojifunza piano, wengine mkipita piteni tu hakuna umbea humu.

Nafundisha piano kwa kikundi, kila Jumamosi asubuhi, wanafunzi nane, saa moja na nusu. Vyombo vyenyewe ni vinanda vitatu vya umeme na piano moja ya mbao ya zamani ambayo A ya katikati ukiibonyeza inabaki chini mpaka uinyanyue na kucha. Nane kwa vyombo vinne, kwahiyo wawili wawili benchi moja kama abiria wa daladala saa kumi na mbili jioni. Umri kuanzia miaka 12 mpaka mzee mmoja wa kwaya aliyestaafu kazi juzijuzi akaona sasa na yeye ni zamu yake.

Sasa mwaka jana nikaamua niwafundishe kuimprovaizi, yaani kubuni muziki papo kwa papo bila karatasi. Niseme ukweli, somo lenyewe hata mimi nilikuwa naliogopa. Nimekulia kwenye nota na mitihani ya gredi (ngazi za mitihani ya muziki), mwalimu wangu wa zamani ukitia nota isiyoandikwa rula inatua kwenye vidole, kwahiyo mpaka leo nikipiga kitu bila karatasi nahisi kuna mtu kasimama nyuma yangu.

Siku ya kwanza nikaingia kwa mbwembwe. Nikakusanya vitabu vyote nikavirundika juu ya piano, nikasema leo hakuna kusoma, kila mtu apige chochote anachojisikia. Aisee pakawa kimya mpaka unasikia feni. Nina binti mmoja amefaulu gredi 5 vizuri tu, huyo kaweka mikono mapajani anaviangalia vitufe kama mtu anayechungulia kisima. Na nina kijana anapiga kanisani kwa sikio, hajui nota hata moja ila vidole anavyo, huyo akaona uwanja ni wake akaanza kumwaga, anapanda anashuka, kodi (za muziki, yaani nota kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, siyo za mapato) zinabadilika kila sekunde, dakika nne nzima hajapumua. Alipomaliza wenzake wakampigia makofi na hapo ndipo nilipowapoteza wote maana nani sasa ataanza baada ya yule? Yule binti akasema "ticha naomba kwenda msalani" akaenda, akarudi wakati watu wanafunga mabegi.

Nililala na hiyo picha. Ukimwambia mtu mbele za watu "haya sema chochote" atasema nini? Aseme na nani? Kuhusu nini? Hata mtu mwongeaji atabaki anajikuna kichwa. Na mimi ndicho nilichowafanyia watoto wa watu nikakiita uhuru.

Jumamosi iliyofuata, katikati ya kipindi, umeme ukakatika. Vinanda vitatu vikafa palepale, ikabaki ile piano ya mbao na mimi na watu wanane wananiangalia. Nikawa nagonga mfuniko wa piano kwa vidole bila hata kuwaza, ko, ko, koko ko, vile mtu anavyogonga akiwa amekwama. Mtoto wa nyuma kabisa akagonga benchi lake akanijibu. Nikagonga tena kivingine, akanijibu tena. Wengine wakaingia. Nikaona hapa kuna kitu, nikasema ngoja, mimi nauliza kwa biti (mapigo) nane, mmoja ananijibu kwa biti nane, msizidishe msipunguze. Tukaenda hivyo kama dakika ishirini gizani (madirisha yetu madogo) na yule binti wa gredi 5 aligonga mara tatu bila kuombwa.

Halafu kuna mmoja yuko kidato cha tatu, akasema "ticha hii si tarbia?"

Wakuu, huyo mtoto alinifundisha kazi yangu. Mistari ya tarbia mnaikumbuka shuleni, mizani kumi na sita, nane ukwapi nane utao, kina cha kati na kina cha mwisho, mistari minne na wa mwisho kibwagizo. Malenga wakijibizana, anayejibu hapewi uhuru wa kusema chochote, anapewa mizani na vina, na humohumo ndimo anamomshinda mwenzake. Nilikuwa nimewapa wanafunzi uhuru nikawanyima mizani.

Nakunywa chai narudi na namna tunavyofanya sasa.

sauti_ya_nne:

Nimekaa pale mkuu, lete nondo. Hiyo A inayobaki chini huenda ni filti inayozunguka pini imevimba kwa unyevu, usiipake mafuta ya kupikia kama alivyofanya jirani yangu.

mwalimu_wa_jumamosi:

Nimerudi. Mafuta ya kupikia?? Hapana mkuu, sijafika huko.

Ni hivi. Tunaanza na vitufe vyeusi peke yake. Vipo vitano kwa kila octavi (do mpaka do inayofuata), viwili na vitatu, na F shapu (cha kwanza kwenye vile vitatu) tunaiita do. Ukihesabu hivyo unapata do re mi so la. Fa na ti hazipo, na hizo ndizo zinazoleta ule ugomvi wa nusu hatua (nota mbili zilizobanana kabisa), kwahiyo hata ukiangukia wapi haisikiki kama umevunja sahani. Mtoto aliyeanza piano wiki iliyopita na yule wa gredi 5 wanakaa sawa hapo, kwanza wa gredi 5 anapata shida zaidi maana hajazoea kukaa kwenye vyeusi tu.

Benchi lina watu wawili. Wa kushoto anashika F shapu na C shapu chini huko, anazipiga taratibu bila kubadilisha, huyo ndiye ardhi. Wa kulia anatunga. Biti nane za kwanza ni ukwapi, anamalizia kwenye so, maana yake swali bado linaning'inia. Biti nane za pili ni utao, anamalizia kwenye do, amefika nyumbani. Kina cha kati so, kina cha mwisho do. Basi. Hayo ndiyo masharti yote, katikati afanye anavyotaka. Watu watatu wanatoa mstari mmojammoja wakipokezana bila kukata mwendo, na mstari wa nne tunapiga wote kibwagizo ambacho tumeshakubaliana, halafu wengine watatu wanaendelea. Kibwagizo ndicho kinachookoa jahazi, aliyeharibu mstari wake hapati muda wa kuona aibu maana darasa zima linaingia na kelele za kibwagizo, akiinua kichwa mambo yameshapita.

Tukishazoea ndo tunahamia vitufe vyeupe na kugawana kazi kama bendi ya dansi. Chombo kimoja besi, kimoja rizimu, kimoja solo, waliobaki wanagonga benchi na kupiga makofi. Mzunguko ni ule wa sebene unaokaa C, F, G, F na kurudi, hata aliyezaliwa jana ameusikia harusini. Wimbo wa rumba ukifika kwenye sebene maneno yanakaa pembeni, kodi zinabaki chache zinajizungusha na magitaa yanaanza kuongea, na wale wapiga solo wengi wanaanza na kipande kidogo sana, nota nne tano, wanakirudia mpaka kikuingie ndiyo wanakibadilisha kwa nota moja. Hiyo nawaambia waisikilize nyumbani wakifua au wakiosha vyombo. Sharti la mpiga solo ni moja, kodi ikibadilika, biti ya kwanza uwe umekanyaga nota iliyomo kwenye hiyo kodi. Ya C ni do mi so, ya F ni fa la do, ya G ni so ti re. Biti nyingine tembea unavyojua.

Kwenye hiyo ya solo anayetuzidi wote ni yule mzee wa kwaya, mimi mwenyewe sikutegemea. Ameimba kwa sol-fa miaka yote, karatasi za d r m zimemkaa kichwani, kwahiyo kabla ya kupiga anaimba kwanza kwa sauti ya chini halafu vidole vinamfuata, vinamfuata polepole ila vinafika. Siku hizi nimelifanya sheria kwa wote, jibu unaliimba kwanza ndiyo unalipiga. Huwezi kuimba upuuzi wa nota thelathini kwa biti mbili, pumzi itakukatalia.

nota_kwanza:

Mkuu samahani lakini mnaharibu watoto. Piano ni chombo cha klasiko, kina misingi yake, skeli (nota kwa mpangilio wa kupanda na kushuka), arpejio (kodi inayopigwa nota mojamoja), kusoma. Hayo ya kubuni ni ya wapiga baa na makanisa ya uamsho. Bach na Mozart waliandika kila nota, hawakuwa wanapiga benchi gizani.

mwalimu_wa_jumamosi:

Shikamoo mkuu. Hapo kwenye Bach umeniita mwenyewe.

Mei 1747 Bach alienda Potsdam kwa mfalme Frederick wa Prussia. Mfalme akampa wazo moja la nota, gumu kweli, mzee akakaa kwenye kinanda akabuni fyuga (sauti zinazofukuzana na wazo lilelile) ya sauti tatu palepale watu wanasikiliza. Ya sauti sita juu ya wazo lile ndiyo aliandika baadaye nyumbani. Mozart kwenye konchato zake (muziki wa mpigaji mmoja na orkestra) alikuwa anaacha nafasi ya kadenza orkestra inyamaze yeye atunge. Czerny mnayemlaani kila siku kwa mazoezi yake ya vidole aliandika kitabu kizima cha kufundisha kubuni, mwaka 1829. Na Napoli karne ya 18 kulikuwa na konsevatori nne zilizoanza kama vituo vya kulelea yatima, watoto walikuwa wanapewa mstari wa besi mtupu, kilichobaki chote juu wanakitunga wenyewe papo hapo, na huko ndiko walikotoka watunzi waliojaza majumba ya opera ya Ulaya. Kwahiyo aliyeacha msingi ni nani, sisi au hao walioleta mtindo wa kupiga kilichoandikwa tu?

Skeli sijazifuta mkuu. Zinakuja baada ya mtu kuwa na kitu anataka kusema akakosa nota.

nota_kwanza:

Marahaba. Ya Czerny sikuijua. Bado napinga kugonga benchi lakini.

fidla_ya_mji_mkongwe:

Assalaam alaykum wadau. Mimi si mpiga piano, napiga fidla kwenye taarab asilia huku Unguja, ila ninyi mnaongea kitu ambacho sisi tunakiita taksim na watu mnaona kama kigeni. Kabla ya wimbo kuanza, mwenye kanuni (kile chombo cha nyuzi) au udi au fidla anatangulia peke yake, hakuna ngoma, anaionyesha maqam (skeli ya Kiarabu) taratibu, anaizungukia nota moja kwanza, anapanda kidogo, anarudi, watu wanaitikia kwa kichwa. Klabu kama Ikhwani Safaa ipo tangu 1905 na taksim haijawahi kuandikwa kwenye karatasi ya mtu, unaipata kwa kukaa karibu na aliyekutangulia.

Mwalimu nakuongezea moja, wafundishe maqam ya Hijazi. Kwenye piano inakaa bila tabu: D, E flati, F shapu, G, A, B flati, C, D. Hiyo nafasi kubwa kati ya E flati na F shapu ndiyo utamu wake. Wanafunzi wako wa pwani wataijua kabla hujamaliza kuipiga. Rasti na Bayati usijaribu, zinataka E iliyo katikati ya E na E flati, na piano haina, labda kinanda cha Kiarabu chenye sehemu ya kushusha robo.

Na jambo jingine, mizani yako ni nzuri lakini taksim haina mizani. Siku wakikomaa uwatoe humo.

mwalimu_wa_jumamosi:

Waalaykum salaam kaka. Hii nimeinakili kwenye daftari. Hapo kwenye "anaizungukia nota moja kwanza" ndipo wangu wanaposhindwa, wanataka kutembelea mtaa mzima dakika ya kwanza.

mama_wa_wawili:

Mwalimu mimi ni mzazi, mtoto wangu ana mtihani wa gredi 3 mwisho wa mwaka na nalipia kila kipindi. Sasa akitumia nusu saa kujibizana mizani, mtihani utamsaidia nani?

mwalimu_wa_jumamosi:

Dada swali lako ni la haki kabisa. Kwanza mitihani ya Trinity ya Uingereza ina sehemu ambayo mwanafunzi anaweza kuchagua kubuni badala ya majaribio mengine, na ABRSM (bodi nyingine ya mitihani ya muziki ya hukohuko Uingereza) wana mitihani ya piano ya jazi ambayo kubuni kumo ndani, kwahiyo hata wenye mitihani hawalioni kama mchezo. Ila sababu yangu ni nyingine. Umeshaona mtoto anapiga wimbo wake vizuri, anasahau nota moja katikati, anasimama, anarudi mwanzo, anasahau palepale tena, anaanza kulia? Aliyezoea kujibizana akipotea ana namna ya kujikokota mpaka kodi inayofuata, mkono wa kushoto unaendelea na ardhi yake na wa kulia unatafuta njia. Mtahini atakata maksi mbili tatu lakini mtoto hatatoka pale akilia. Mimi kwa kipindi cha saa moja na nusu natumia dakika 25 tu, mwanzoni, kabla hawajachoka. Ukiweka mwishoni wanakuwa wanaangalia saa.

mpiga_kinanda_wa_misa:

Mkuu mimi nataka kujua ulimfanya nini yule kijana wa kumwaga. Ninao wawili kama hao kwenye kwaya, ukimwambia atulie ananuna, ukimwacha hakuna mwingine anayesikika. Na wakipata kinanda chenye batani ya kutransipozi (inayopandisha au kushusha nota zote bila kubadilisha vidole) ndo basi, kila kitu kwenye C.

mwalimu_wa_jumamosi:

Hahaha hiyo batani. Ya kwangu nimeibandika solotepu.

Kijana nilimnyima nota. Nikamwambia wewe leo una nota tatu tu, do re mi, mkono mmoja, na zile biti mbili za mwisho za kila mstari unanyamaza. Aisee alipiga vibaya kuliko wote. Hasira zikamjaa, akasema ticha hizi ni za watoto, nikamwambia ndiyo, hebu mwangalie huyo mtoto, na pembeni kuna kale ka miaka 12 kanatoa swali la nota tatu limekaa sawa kabisa. Tatizo lake ni kwamba vidole vilikuwa vinampeleka, yeye hajawahi kuvipeleka popote. Wiki ya tatu nikaanza kumsikia anarudia kipande chake kwa makusudi, anakicheleweshachelewesha, anaingia nusu biti baadaye. Huyo sasa namtumia kwenye besi. Mpe mwenye mbio besi, wenzake wakiyumba kwa sababu yake atajua siku hiyohiyo.

Kuhusu kukosea, tuna mchezo. Ukibonyeza nota ambayo hukuikusudia, unairudia mara ya pili palepale kwa nguvu ileile kama vile ulipanga, halafu unateleza kwenda kitufe cha jirani, maana ya jirani mara nyingi ndiyo uliyokuwa unaitafuta. Na nawakataza neno "samahani". Wanavyolipenda hilo! Mtu anakosea nota moja anasema samahani mara tatu, hapo biti sita zimeshapita.

Na hedifoni nimezitoa. Najua sehemu nyingi vinanda vya darasa vinafungwa hedifoni kila mtu na dunia yake, kwa skeli sawa, ila kwa hili unakuwa na watu wanane wanaoongea peke yao. Kelele ninayo, mwenye duka la chini ameshakuja mara mbili, mara ya pili alikaa kidogo akagongagonga mlango kwa biti zetu akaondoka.

sauti_ya_nne:

Na yule binti wa msalani?

mwalimu_wa_jumamosi:

Nilijua mtauliza.

Miezi miwili ya kwanza alikuwa anatunga nyumbani, anaandika kwa penseli kwenye karatasi ndogo, anaificha chini ya kinanda anaichungulia. Nikaona nikajifanya sijaona. Mimi ningekuwa na karatasi ile utotoni ningeificha vilevile. Halafu Jumamosi moja zamu zikachanganyika, mmoja hakuja, mstari ukamfikia yeye kabla hajategemea na karatasi yake ilikuwa ya zamu nyingine. Akapiga nota tatu. So, la, so. Akanyamaza biti tano nzima, nikahesabu mwenyewe moyoni, kijana wa besi akacheka kidogo lakini hakuacha besi. Halafu akapiga zilezile tatu tena, safari hii akashuka do. Hakuna aliyempigia makofi kwa sababu kibwagizo kilikuwa kimeshaingia.

Juzi Jumamosi kaniambia "ticha mimi kina cha mwisho sitaki do". Nikamuuliza sasa utaishia wapi. Akakaa, akatoa mstari wake wote vizuri, akafika mwisho akaiacha kwenye re, akakunja mikono akamgeukia mzee wa kwaya aliyekuwa anafuata. Mzee akaimba kwanza kwa chini kama kawaida yake, akatikisa kichwa, akaimba tena kivingine, tumekosa biti nne nzima tunamsubiri mzee.

@sauti_ya_nne kama wewe ni fundi au unamjua fundi wa hizo pini nicheki pm, ile A safari hii imegoma hata kwa kucha.